Harusi ya Sharubu

Nyumbani kwetu bafu ni la samaki. Sisi binadamu tunaogea uani, kwa ndoo, nyuma ya pazia ambalo mke wangu alilishona kwa masalio ya sare za shule: kipande cha buluu, kipande cha kijani, kipande cha damu ya mzee. Mgeni akiuliza bafu liko wapi, inabidi tumkalishe kwanza tumweleze. Mimi ni kinyozi, kazi yangu ni kunyoa na kuongea, na leo nataka niongee habari za mke wangu, kwa sababu yaliyotokea bafuni kwetu nikiyakumbuka mkono unanitetemeka, na mkono wa kinyozi haupaswi kutetemeka.

Mtaani wanamwita Fundi. Mimi namwita Mama Mapacha, naye ananiita Baba Mapacha, maana Mungu alitupa mabinti wawili kwa mkupuo mmoja. Wameolewa mbali, na siku hizi wakipiga simu wanawaulizia samaki kwanza, baba yao baadaye, kama salio halijaisha. Cherehani ya Fundi iko chumba cha mbele, karibu na dirisha, na kibanda changu cha kunyolea kimegusana na ukuta huohuo, kwa hiyo mashine yangu ikinguruma na cherehani yake ikikimbia nyumba nzima inatikisika, tunasikilizana kwa kupiga kelele. Anashona sare, suti, magauni ya harusi, hata aproni za wauza nyama. Ana mazoea yake ambayo hajayaacha tangu nimemjua. Nguo ikiisha, anakata uzi wa mwisho kwa kimkasi kinachoning'inia shingoni mwake, anaipigapiga nguo begani kana kwamba mwenyewe yumo ndani, anasema, "Haya, kavae upendeze." Hata kwa aproni ya muuza nyama anasema hivyohivyo.

Samaki waliingia nyumbani kwa njia ya cherehani. Bwana samaki, yaani yule mtaalamu anayezunguka kuwafundisha watu ufugaji, alikuja kuagiza vyandarua vya matundu madogo vya kukunjua juu ya fremu. Fundi akamuuliza ni vya nini. Akaambiwa ni vya kulazia mayai ya kambale. Mke wangu hashoni kitu asichojua kinavaliwa wapi, kwa hiyo akachukua futi kamba akamfuata hadi kwenye kituo chake. Aliporudi mikono ya gauni ilikuwa imelowa hadi kwenye viwiko na macho yanawaka.

"Baba Mapacha! Nimeona yai linapasuka, katoka mtu!"

"Mtu?"

"Samaki! Mdogo kama pini! Anatikisika, Baba Mapacha, ana haraka kama anachelewa kazini!"

Nilidhani yatapita. Hayakupita. Kwanza likaja karai moja, kisha pampu ya hewa ya kububujisha maji, kisha tangi la plastiki, na siku moja nikaenda kuoga nikakuta hodhi langu la saruji, nililolijenga kwa mikono yangu mwenyewe, lina wapangaji wenye ndevu. Nikauliza, "Na mimi je?" Akanipa ndoo.

Sasa nikueleze kidogo mambo ya kambale, maana bila hayo huwezi kuelewa kilichonitoa jasho. Kule kwenye mito, kambale husubiri mvua kubwa. Maji yakifurika yakaingia kwenye nyasi, madume na majike hupanda huko kwenye kina kifupi, dume anajipinda na kukizunguka kichwa cha jike kama skafu, wanatulia hivyo kidogo, kisha jike anapiga mkia na kuyatawanya mayai kwenye majani. Basi. Hakuna kunyonyesha wala kubembeleza, kila mtu na hamsini zake. Lakini ukimfuga hodhini, jike anajaza mayai hadi tumbo linavimba na hayatoi, kwa sababu mafuriko hayaji bafuni. Hapo ndipo inapohitajika sindano ya homoni, inayomdanganya kwamba mto umefurika.

Dume ndiye mwenye shida. Kuna samaki ukiwabonyeza tumbo mbegu zinatoka zenyewe. Kambale dume mbonyeze hadi kesho, hakupi kitu. Korodani zake mbili, nyeupe, ndefu, zenye meno kama msumeno, zimelala ndani kabisa, na njia ya kuzifikia ni kisu. Ndiyo desturi, kwetu na kwenye kituo cha bwana samaki pia: siku ya kutotolesha, jike anakamuliwa mayai, dume anachinjwa. Sisi tunaiita siku hiyo harusi. Na kila harusi bwana harusi anakufa, na mimi, nisikufiche, ndiye niliyekuwa namla, supu ya moto na ndimu.

Mwanzoni Fundi alivumilia. Kisha akaanza kuniachia supu peke yangu. Kisha siku moja tukiwa mezani akaweka kijiko chini.

"Mchana nashona magauni ya harusi. Nikitoka hapo naingia bafuni namchinja bwana harusi. Hivi mimi ni mtu wa namna gani?"

"Ni mtu mwenye mume anayeshiba," nikamjibu.

Hakucheka. Hapo nikajua mambo si mchezo.

Kilichokoroga zaidi ni Sharubu. Huyo alikuwa mmoja wa wale wa kwanza kabisa walioanguliwa kwenye karai letu, na jina nilimpa mimi, kwa sababu ndiye mwenye masharubu pekee nyumbani ambaye sijawahi kumnyoa. Amekua, ana urefu wa mkono wangu kutoka begani hadi kwenye vidole, mweusi mgongoni, tumbo jeupe, na Fundi akipiga maji kwa kiganja anakuja kama aliyeitwa. Kila harusi ilipofika, Fundi alimruka akachukua dume mwingine. Sharubu naye, badala ya kushukuru, akaanza kuwala wenzake. Kambale ndivyo walivyo, mkubwa anammeza mdogo bila kuomba samahani. Tukaja kushtuka, dume ni yeye peke yake, amebaki na majike kama sultani. Na jike mmoja tayari alikuwa na tumbo limejaa, laini, ukiligusa tu yai moja linachungulia.

"Tununue dume lingine," nikasema.

"Nikalichinje lingine? Tofauti ni nini?" Akakaa kwenye ukingo wa hodhi, mikono mapajani. "Sitaki tena kuua, Baba Mapacha. Nimechoka. Kama hakuna njia ya kufanya harusi na bwana harusi akarudi nyumbani, nafunga bafu. Nawagawa wote. Nabaki na cherehani yangu."

Unadhani nilifurahi? Bafu langu lilikuwa linarudi! Nilijiona tayari nimejilaza kwenye maji ya uvuguvugu, naimba. Lakini nilimtazama mke wangu usoni na furaha ikanikauka. Mwanamke huyu akiwa na vifaranga vya kambale anakuwa binti tena. Anaamka anaimba, anamwambia kila mteja, anawaonyesha wanawake waliokuja kupimwa magauni jinsi mkia unavyotangulia kutoka kwenye yai. Bila bafu lile angebaki Fundi mzuri tu, mwenye macho yaliyozimika. Sikutaka kuishi na macho hayo.

Bwana samaki ndiye aliyeleta neno. Alikuja kunyolewa, akasikia shida yetu, akainua kichwa ghafla nusura nimkate sikio.

"Njia ipo, Fundi. Unampasua ubavuni, mpasuko mdogo. Unachukua korodani upande mmoja, upande wa pili unauacha. Unashona. Akipona, baada ya miezi ile uliyoikata inaota tena."

"Inaota tena?" mke wangu aliuliza kupitia ukutani. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Inaota. Lakini nisikudanganye. Nilijaribu mara moja. Kukata nakata vizuri, kushona ni balaa. Mshono uliachia, samaki akafa."

Sekunde ileile pazia la mlango likafunguka, Fundi huyo, futi kamba shingoni, kimkasi kifuani, pini mbili mdomoni. Akazitoa pini.

"Wewe ukate. Mimi nishone."

Wakashikana mikono mbele yangu kama watu waliokubaliana posa, na bwana samaki alikuwa bado ana povu la sabuni kwenye shingo.

Alimletea uzi wa daktari wa mifugo na sindano iliyopinda kama mwezi mchanga, akamfundisha kwamba pale kila mshono unafungwa fundo lake peke yake, ili mmoja ukiachia mingine ishike. Mke wangu alizoea kukimbiza uzi mmoja mwanzo hadi mwisho wa gauni. Ilibidi ajifunze upya. Akaanza kufanyia mazoezi samaki wa sokoni. Ngozi ya kambale haina magamba, ni hariri iliyolowa, inateleza mkononi, na sindano ikizama sana unatoboa matumbo, ikizama kidogo inachana. Alipasua na kushona, akapasua na kushona, na kwa kuwa chakula hakitupwi, wiki nzima nilikula samaki wenye mishono. Nilikuwa natema miiba upande huu na uzi upande ule. Wateja wangu walicheka hadi wakashindwa kutulia kitini.

"Kinyozi, leo umekula samaki au shati?"

Ikafika jioni ya sindano. Fundi alimdunga jike juu ya mgongo, taratibu, akamfunika kwenye tangi lake kwa kipande cha kitambaa cheusi. Akapanga vitu vyake vya asubuhi kwenye ukingo wa dirisha la bafu: unyoya wa kuku, kikombe, chandarua kwenye fremu, na beseni jeupe alilolifuta na kulianika juani mchana kutwa. Beseni hilo ndilo moyo wa kazi. Mbegu za kambale zinalala hadi ziguswe na maji. Zikiguswa tu zinaamka, zinakimbia kama wendawazimu, na kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu zimekufa. Kwa hiyo mayai na mbegu lazima vikutane kwenye ukavu, vichanganywe vizuri, ndipo maji yaingie. Tone moja mapema linaharibu kila kitu. Fundi alilishika beseni lile kama sahani ya wageni.

Kosa letu lilikuwa moja: hatukumwambia Shangazi.

Shangazi yake mke wangu alikuja kutusalimia jioni ileile. Ni mwanamke mwenye usafi wa kutisha, akikaa kwako siku mbili unaona aibu ya kukaa kwenye viti vyako mwenyewe. Aliamka kabla yetu. Akafagia, akadeki, akapita bafuni, akaona beseni limekaa dirishani usiku kucha na dirisha wazi. Kwa mtu kama Shangazi, hilo ni beseni lenye vumbi.

Asubuhi bwana samaki akafika na kisu chake kwenye kitambaa safi. Tukaingia kazini. Sharubu tulimweka kwenye ndoo ya maji yenye matone ya mafuta ya karafuu, yaleyale ya kutuliza jino, na mbele ya macho yangu yule sultani akalegea, akayumba, akalala ubavu. Fundi akamlaza juu ya meza ya kupigia pasi, kwenye taulo lililolowa, na kazi yangu mimi ikawa kumwagilia maji kwenye mashavu kwa kikombe ili asikaukiwe pumzi. Bwana samaki akapasua. Mpasuko mdogo kweli, tundu la kifungo cha koti. Akaingiza koleo, akatoa korodani moja, nyeupe pee, akaikausha kwa karatasi, akaiweka kwenye glasi kavu na kuifunika.

"Haya Fundi, ni wako."

Fundi akainama. Fundo la kwanza. La pili. Mkono wake ulikuwa umetulia, wangu ndio ulikuwa unamwaga maji hadi sakafuni. Bwana samaki akamgeukia jike, akamtoa kwenye tangi, na hata kabla hajamkandamiza, mayai yakaanza kutiririka yenyewe, ya kijani iliyoiva, madogo kama ulezi.

"Yanatoka! Beseni! Kinyozi, beseni!"

Nikalirukia beseni dirishani. Nikalipeleka. Nikaliona linang'aa.

Lilikuwa limelowa. Matone mazuri, safi, yametapakaa chini na kwenye kuta zake.

"Beseni lina maji!" nikapiga kelele.

"Nimelisuuza mwanangu," Shangazi akajibu kutoka jikoni, kwa fahari. "Lilikuwa na vumbi!"

Mke wangu hakuinua kichwa. Sindano ilikuwa nusu imeingia nusu imetoka, samaki yuko wazi mbele yake. Lakini niliona mgongo wake unakakamaa.

"Baba Mapacha," alisema, "fanya lolote. Usitumie taulo, litaacha nyuzi. Fanya lolote!"

Bwana samaki alikuwa amembana jike tundu kwa kidole gumba kama mtu anayezuia bomba lililopasuka. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na hapo wana wenyewe walikuwa maelfu. Kichwa changu kilizunguka. Kisha kikasimama palepale, kwenye kazi yangu. Draya!

Nilikimbia kibandani, nikaling'oa draya la kukaushia nywele ukutani na soketi nusura ije nalo, nikarudi nimeligonga goti kwenye mlango na sikusikia maumivu hadi kesho yake. Umeme ulikuwepo, Mungu si Athumani. Nikaliwasha kwa nguvu zote, nikalinyoa beseni lile maji yake kama ninavyonyoa kichwa cha bwana harusi, chini, pembeni, ukingoni, kila tone nikalifukuza.

"Likipata moto utayapika mayai!" Fundi akaniambia, fundo la nne.

Nikabonyeza hewa ya baridi. Nikalipuliza, nikaligusa kwa shavu langu mwenyewe. Kavu. Baridi.

"Leta!"

Bwana samaki akaachia kidole. Ee Mola, yalivyotoka! Yalimwagika beseni likajaa kiganja baada ya kiganja. Akaichukua ile korodani, akaikatakata, akaikamua kupitia kipande cha chandarua, na mbegu zikadondoka juu ya mayai, matone machache tu ya maziwa. Nikamwona anachanganya kwa unyoya, polepole, huku na huku. Kisha akanitazama.

"Wewe ndiye umelikausha. Mimina maji wewe."

Nikamimina kikombe kimoja cha maji. Huwezi kuona kitu kwa macho, lakini mimi nilijua kinachoendelea mle ndani, nilijua wale wadogo wameamka wote kwa pamoja na wanakimbia, na kila yai lina mlango mmoja mdogo unaojifunga. Nilipiga ukelele. Shangazi naye akaja akapiga ukelele bila kujua wa nini. Tukayamwaga mayai juu ya chandarua yakanata, na nyuma yangu nikasikia kimkasi kinakata uzi wa mwisho.

Fundi hakusema maneno yake ya kawaida. Alimbeba Sharubu kwa mikono miwili, akamweka peke yake kwenye tangi lenye chumvi kidogo, akamshika kichwa hadi mashavu yakaanza kucheza. Kisha akakaa chini sakafuni penye maji na akalia. Shangazi, ambaye wakati huo tulikuwa tumeshamweleza kila kitu, akakaa palepale kwenye maji, yeye mwenye usafi wake, akamkumbatia.

Kesho yake nilikuwa nimefika katikati ya kichwa cha mteja, upande mmoja umenyolewa upande mmoja una msitu, niliposikia sauti ya mke wangu inapasua ukuta.

"Wanatoka! Baba Mapacha, wanatokaaa!"

Niliiacha mashine inanguruma kitini. Mteja naye akanifuata na shuka shingoni. Bafuni, pamoja na Shangazi, tulikuwa watu wanne tumeinamia chandarua kimoja, vichwa vimegongana. Mayai kadhaa yalikuwa meupe, hayo yamekufa, lakini mengine, mengi, mengi mno, yalikuwa angavu, na ndani ya kila moja kuna mtu amejikunja anapiga teke. Mkia unatoka. Unatikisika. Yai linakatika, na huyo anaanguka kupitia tundu la chandarua hadi chini, na kiini chake cha kijani tumboni, chakula alichofungiwa na mama yake. Mmoja, kumi, halafu huwezi tena kuhesabu, sakafu ya karai yote ikawa inatetemeka.

"Subhana!" mteja akasema, nusu kipara. "Na hawa wote ni wa yule mmoja?"

"Wa yule mmoja," nikamjibu, na nilijivuna kana kwamba ni wangu.

Lakini Fundi alikuwa tayari amewapa mgongo. Alikuwa amepiga magoti kwenye tangi la Sharubu.

Hapo ndipo tulipoishi siku zilizofuata. Vifaranga vilikua, vilimaliza viini vyao, vilianza kuogelea na kula, wafugaji wakaja kuvitazama na kusifu, naye mke wangu aliitikia asante bila kugeuka. Sharubu alilala chini. Mara mojamoja alipanda kuvuta hewa, maana kambale hupumua na hewa ya juu pia, na kila alipopanda Fundi alipumua naye. Hakula. Nyungunyungu walizunguka mbele ya mdomo wake hadi wakatolewa. Kingo za kidonda zilikuwa nyeupe.

"Mshono unauonaje?" nikauliza.

"Mshono haupimwi siku ya kushona," alisema. "Unapimwa siku ya kuvaa."

Magauni yalirundikana kwenye cherehani. Bi harusi mmoja alikuja kulia kwamba tarehe yake imekaribia, Fundi akamwambia avumilie, kuna bwana harusi mgonjwa. Yule binti akaondoka akiamini ni mimi, na jioni mama yake akaniletea uji.

Usafi wa yale maji ulikuwa mikononi mwa Shangazi. Alikataa kuondoka. Alisema hatoki nyumba hii hadi samaki huyo apone, na akawa anabadilisha maji ya tangi kikombe kwa kikombe, kila saa, akichuja kila takataka. Nadhani hakuna samaki duniani aliyewahi kuugulia mahali pasafi namna ile. Kingo zile nyeupe zikaanza kuwa za pinki. Kisha zikaanza kushikana. Mshono mmoja wa pembeni uliachia na mioyo yetu ikaachia nao, lakini yale mafundo mengine yalishika, kila moja na kazi yake, kama alivyofundishwa.

Asubuhi moja bwana samaki akaja, akatazama, akapiga ulimi.

"Toa nyuzi, Fundi."

Mafuta ya karafuu tena, taulo tena, meza ya pasi tena. Mimi tena na kikombe changu. Fundi akakishika kimkasi cha shingoni, akaingiza ncha chini ya fundo la kwanza, akakata. La pili. Nilikuwa nimekodoa macho kwenye ule mstari, nangoja upasuke. La tatu. La mwisho. Akaushika ubavu kwa vidole viwili, akaubonyeza huku na huku jinsi anavyopima kiuno cha gauni.

Haukufunguka.

Tulimpeleka hodhini, hodhi langu. Alimshusha majini, akamshikilia hadi dawa ikamtoka, akaachia mikono. Sharubu akazama kidogo. Akatulia. Fundi akapiga maji kwa kiganja, mara moja, taratibu.

Masharubu yakainuka kwanza. Kisha kichwa chote. Kisha akageuka ghafla, akapiga mkia maji yakatulowesha sote wanne hadi kwenye nyusi, akamnyakua nyungunyungu kwenye vidole vya mke wangu na karibu achukue na kidole. Shangazi alipiga vigelegele. Bwana samaki alinikumbatia. Mimi nilikuwa naruka mahali pamoja kama mtoto, bila aibu, na goti langu bovu.

Fundi alijifuta maji usoni kwa mkono wa gauni. Akainama, akampigapiga Sharubu mgongoni kabla hajazama.

"Haya," alimwambia, "kavae upendeze."

Nikatazama hodhi langu, nikatazama macho ya mke wangu. Nikachukua ndoo, nikaenda kuoga uani.